Jinsi ya Kuanza Kupiga Blugrasi Kwenye Duara: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Tangu nihamie Kentucky, Marekani, nimewapeleka Waswahili wenzangu kadhaa kupiga blugrasi (muziki wa kijadi wa huku unaopigwa kwa ala za nyuzi) na wenyeji, na karibu wote wamekwama mahali pamoja. Mtu anajifungia chumbani miezi mitatu, anakariri solo mbili kutoka kwenye video, vidole vinaiva kabisa. Akifika kwenye mkusanyiko wa wapigaji, wimbo wa kwanza hajawahi kuusikia, wa pili uko kwenye ufunguo (kimo cha sauti cha wimbo) asioujua, wa tatu unakwenda mbio. Anakaa na gitaa mapajani saa mbili nzima, zamu ya solo ikimfikia anainamisha kichwa, na wiki inayofuata harudi.

Mtu huyo alijiandaa kwa sehemu ndogo mno ya kazi. Mkiwa wapigaji wanane na wimbo ukachukua dakika tano, solo yako haizidi nusu dakika. Muda wote unaobaki unasindikiza: unashika mapigo, unabadilisha kordi, unampisha anayeimba. Basi mwongozo huu unaanza na ridhimu na masikio. Solo nimeiweka mwisho, na hapo ndipo mahali pake.

Wapigaji wenyewe huita mikusanyiko hii jemu. Mimi nitaiita duara, maana ndivyo watu wanavyokaa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Ala moja isiyotumia umeme. Ala za blugrasi ni gitaa, mandolini, fidla, banjo ya nyuzi tano, besi kubwa ya kusimama, na dobro, ambayo ni gitaa la kulazwa mapajani na kupigwa kwa chuma cha kutelezesha. Kama tayari unapiga gitaa, baki nalo. Liwe la nyuzi za chuma na la mwili mkubwa. Gitaa la nyuzi za nailoni halisikiki pembeni ya banjo.

Kapo, yaani kibanio cha shingoni mwa ala kinachopandisha sauti ya nyuzi. Kwa gitaa na banjo ni lazima. Usidhani utaazima, kila mtu anaitumia yake.

Tyuna, kifaa cha kupimia kama nyuzi zimekazwa sawasawa, ya kubana kwenye kichwa cha ala. Inasoma mtikisiko wa mbao, kwa hiyo hufanya kazi hata watu wakiwa wanapiga kelele.

Piki nene, kile kipande cha kupigia nyuzi. Ya milimita moja au zaidi. Nyembamba inapepea na pigo linachelewa. Kwa banjo unahitaji ya plastiki ya kidole gumba na mbili za chuma za vidole viwili vinavyofuata.

Metronomu, yaani kifaa cha kuhesabia mapigo, na kirekodi. Vyote viwili vimo kwenye simu yako.

Mkanda wa gitaa, nyuzi za akiba, daftari dogo, na kiti cha kukunja kisicho na mikono. Kiti chenye mikono kinakuzuia kuliweka gitaa sawasawa, nawe utapiga ukiwa umepinda mgongo.

Ngoma, kayamba na spika viache nyumbani. Katika duara la kienyeji, besi na mandolini ndizo zinazofanya kazi ya ngoma, na ukileta kayamba unakuwa umekalia kiti cha mtu. Stendi ya karatasi nayo iache. Macho yakiwa kwenye karatasi hayaoni mikono ya wenzako, na kwenye mikono hiyo ndiko kuna karibu kila kitu unachohitaji kujua.

## Hatua ya 1: Lijue duara kabla hujalikalia

Maduara hayafanani. Kuna la polepole, ambalo kwa kawaida lina kiongozi anayetangaza kordi na kuwasubiri wanaojifunza. Kuna la wazi, ambako yeyote anakaribishwa lakini kasi ni ya wazoefu. Kisha kuna la marafiki waliozoeana miaka mingi, wakipiga nyimbo ngumu chini ya mti. Hilo la tatu ni la kusikiliza.

Mahali pa kuanzia kutafuta: Rosine, kijiji cha Kentucky alikozaliwa Bill Monroe, anayeitwa baba wa blugrasi, mwaka 1911, kuna ghala ambalo watu hukusanyika kupiga Ijumaa usiku katika msimu wake. Station Inn, klabu ya muziki ya Nashville, imezoeleka kwa miaka mingi kuwa na duara la wazi Jumapili usiku. Owensboro kuna jumba la makumbusho ya blugrasi. Kwenye tamasha, kama lile la Bean Blossom huko Indiana, muziki mwingi haupo jukwaani kabisa. Upo kwenye mahema na kati ya magari, usiku kucha. Kama unaishi mbali na maeneo haya, uliza maduka yanayouza ala za nyuzi. Mwenye duka la banjo hakosi kujua nani anapiga wapi.

Siku ya kwanza nenda bila kutoa ala kwenye begi. Simama nyuma ya mtu wa gitaa ili uone mkono wake wa kushoto. Andika majina ya nyimbo na funguo zake. Angalia viti: pakiwa na nafasi, na watu wakisogea mtu mpya anapokuja, ni duara la wazi. Magoti yakiwa yamekaribiana na hakuna anayeinua macho, hilo si lako, na hakuna ubaya.

Jambo moja linawatatiza sana waliolelewa kama mimi: wazee wa huku watakutajia jina lao la kwanza na watataka uwaite hivyo hivyo. Waite. Ukilazimisha heshima ya kwetu watadhani unajitenga nao. Heshima ya duara inaonekana kwa namna unavyosikiliza.

## Hatua ya 2: Zijue kordi kwa namba

Kwenye duara hakuna atakayekuambia "sasa C, sasa D." Utasikia "moja, nne, tano," au utaona mtu ameinua vidole vinne. Namba hutumika kwa sababu mwimbaji huchagua ufunguo unaofaa koo lake. Wimbo uleule Jumanne uko G, Alhamisi uko B, na namba hazibadiliki.

Kama uliimba kwaya ukasoma do-re-mi, tayari unayajua haya kwa jina lingine. Moja ni do, nne ni fa, tano ni so. Ndiyo maana watu wetu wa kwaya hushika hatua hii kwa wiki moja, wakati wapiga gitaa waliojifunza kwa video huchukua miezi.

Funguo utakazokutana nazo zaidi:

- G: 1 ni G, 4 ni C, 5 ni D
- A: 1 ni A, 4 ni D, 5 ni E
- C: 1 ni C, 4 ni F, 5 ni G
- D: 1 ni D, 4 ni G, 5 ni A
- E: 1 ni E, 4 ni A, 5 ni B
- B: 1 ni B, 4 ni E, 5 ni F♯

Ongeza mbili zinazojitokeza mara kwa mara. Ya kwanza ni sita ndogo, kordi ya huzuni inayosimama juu ya la. Ya pili ni saba iliyoshushwa, ile ta ya kwaya: kwenye ufunguo wa A ni kordi ya G. Ukikuta wimbo wa A wenye G ndani yake, kama Old Joe Clark, utasikia ladha kavu inayotofautiana na nyimbo nyingine.

Zoezi: mtu akutajie ufunguo na namba ovyoovyo, "D, nne," "A, tano," nawe upige bila kufikiri. Siku utakayojibu kabla hajamaliza kutamka, songa mbele.

## Hatua ya 3: Kapo, na mtego wake

Wapiga gitaa wa blugrasi hupenda maumbo ya G na C kwa sababu yanaacha nyuzi wazi, na vidole vinabaki huru kutembeza besi. Ufunguo ukibadilika, wanasogeza kapo na kuendelea na maumbo yaleyale.

Kwa maumbo ya G: kapo freti ya 2 (nafasi ya pili kati ya vyuma vya shingoni) inakupa A, freti ya 3 B♭, freti ya 4 B. Kwa maumbo ya C: freti ya 2 inakupa D, freti ya 4 inakupa E.

Kwenye banjo kuna kazi ya ziada. Uzi wa tano ni mfupi na kapo haiufikii, kwa hiyo nao unaupandisha kwa kiasi kilekile: ukiweka kapo freti ya 2 ili upige A, uzi wa tano unatoka G kwenda A. Banjo nyingi zina vijimisumari vya kuukamatia uzi huo.

Sasa mtego. Unapomtazama mpiga gitaa na kuona umbo la G, angalia kwanza kapo yake iko wapi. Ikiwa freti ya 2, hiyo ni A. Wewe mwenye gitaa weka kapo palepale alipoweka yeye na umuige. Mwenye mandolini au fidla ajifunze kusoma umbo na kulitafsiri, na kwa hilo namba zinaokoa: umbo la G pale ni 1, basi.

Kila ukiweka kapo, tyuni upya. Kapo huvuta nyuzi juu kidogo, na gitaa moja lililopanda linaharibu masikio ya watu wanane.

## Hatua ya 4: Ridhimu, kazi yako halisi

Hapa usiharakishe. Ningekuwa na uwezo ningemzuia kila anayeanza asiguse solo hata moja mpaka hatua hii imwingie mwilini.

Hesabu mapigo manne. La 1 na la 3 ni ya besi: mazito, ya chini. La 2 na la 4 ni ya mkato: makavu, ya juu. Kila ala ina nafasi yake ndani ya mgawanyo huu.

*Gitaa.* Pigo la 1, piga uzi mmoja mnene. Pigo la 2, kwangua nyuzi nyembamba kwenda chini. Pigo la 3, uzi mnene mwingine. Pigo la 4, kwangua. Kwa G, besi yako ni uzi wa 6 freti ya 3, kisha uzi wa 4 ukiwa wazi. Kwa C, uzi wa 5 freti ya 3, kisha uzi wa 6 freti ya 3. Kwa D, uzi wa 4 wazi, kisha uzi wa 5 wazi. Anza hivyo, bila mapambo.

*Mandolini.* Unanyamaza kwenye 1 na 3, unapiga 2 na 4 tu. Kamata kordi isiyo na uzi ulio wazi, piga, na papo hapo legeza vidole ili sauti ife. Itoke kama shoka kwenye gogo. Ukiiacha ivume umeua ngoma ya duara zima.

*Besi.* La 1 na la 3, hakuna zaidi. Mpiga besi mtulivu anapendwa kuliko mtu yeyote pale.

*Banjo.* Mwimbaji akiimba, shusha sauti: ama mkato kwenye 2 na 4, ama mzunguko wa vidole vitatu uliopigwa kwa wepesi.

*Fidla.* Noti ndefu za chini, au mkato mwepesi wa upinde, au kimya. Kimya ni chaguo halali.

Kwa nini nasisitiza hivi? Sisi tuliokulia kwenye rumba na benga tumezoea gitaa la solo lisilonyamaza. Seben ikianza, solo inakimbia, mi-solo inajibu, ridhimu inashikilia chini, zote kwa pamoja na zote kwa utamu. Mkono wako umejaa mazoea hayo na utatamani kupiga vionjo nyuma ya mwimbaji. Kwenye blugrasi, anayepamba ni mmoja kwa wakati. Wengine wote ni ngoma. Niliwahi kukaa karibu na kijana mwenye vidole vya ajabu, mtoto wa seben haswa, aliyepamba kila mstari wa kila wimbo usiku mzima. Hakuna aliyemkemea. Ila nyimbo zilipokuwa zinazunguka, macho ya watu yalikuwa yanamruka, na yeye hakuelewa kwa nini.

Zoezi la kila siku. Weka metronomu kwenye 50. Kila mlio uuhesabu kuwa ni pigo la 2 na la 4; besi unaiweka wewe mwenyewe katikati ya milio. Hiyo ni kasi ya mapigo 100 kwa dakika. Mwanzoni utajikuta umegeuka, besi inaangukia kwenye mlio. Simama, hesabu, anza tena. Piga 1, 4, 5 dakika kumi bila kukatiza. Ukiwa imara panda hadi 80, yaani mapigo 160. Hapo utaliweza duara la polepole. Maduara ya kawaida hufika 200 na kuzidi.

Jirekodi. Ukisikiliza, usijiulize kama inapendeza. Jiulize kama dakika ya kumi ina kasi ileile ya dakika ya kwanza, na kama bega lako la kulia bado limelegea. Yote mawili yakiwa ndiyo, umefaulu.

Tahadhari. Ukipotea, usisimame ghafla wala usipige kwa nguvu kutafuta njia. Ziba nyuzi kwa mkono wa kushoto na uendelee na mkato mkavu kwa mkono wa kulia mpaka ujue uko wapi. Ridhimu isiyo na kordi inamsaidia kila mtu. Kordi isiyo na ridhimu inamwangusha kila mtu.

Na kanuni ya sauti: kama humsikii mwimbaji maneno yake, ni wewe uliyezidisha.

## Hatua ya 5: Nyimbo chache, uzijue ndani nje

Jifunze nane. Hamsini za juujuu hazitakusaidia.

Za kuimbwa nyingi zina ubeti na kiitikio, mara nyingi kwa mpangilio uleule wa kordi. I'll Fly Away na Will the Circle Be Unbroken utazikuta karibu kila duara, na mtu wa kwaya atazishika haraka. Nyimbo za fidla, zisizo na maneno, kwa kawaida zina sehemu mbili. Kila sehemu ina bari (mafungu ya mapigo) nane na hurudiwa, jumla bari 32, kisha unaanza tena. Old Joe Clark na Cripple Creek hupigwa A. Soldier's Joy na Angeline the Baker hupigwa D.

Ya kuanzia ningechagua Boil Them Cabbage Down, ufunguo wa A. Mpangilio ni 1-4, 1-5, 1-4, kisha 1-5-1. Ni fupi, na inakufundisha kwa masikio tofauti ya nne na tano. Kisha Angeline the Baker, ambayo watu wengi huipiga kwa 1 na 4 peke yake.

Kila wimbo usikilize kwanza bila ala, mara tano au sita, ukiuimba kwa kinywa kilichofumbwa. Halafu gonga meza kila kordi inapobadilika. Ukishika ala baada ya hapo, mkono unafuata kitu kilichokwisha kukaa kichwani.

## Hatua ya 6: Kufuata wimbo usioujua

Hapa ndipo wengi wanapovunjikia, maana hawakujua kwamba hili nalo ni la kufanyiwa mazoezi. Wazoefu unaowaona pale hawazijui nyimbo zote. Wanazifuata.

Mzunguko wa kwanza wa ubeti, usipige kordi. Piga mkato mkavu na umtazame mpiga gitaa mmoja unayemwamini. Chagua mmoja tu. Ukiwatazama watatu utayabeba makosa ya watatu. Hesabu: anakaa kwenye 1 kwa bari ngapi? Anakwenda wapi kwanza? Mstari unaishia wapi?

Mzunguko wa pili, anza kupiga zile kordi ulizo na uhakika nazo. Pengine ni 1 peke yake mwanzoni na mwishoni mwa ubeti. Piga hiyo, kwingine baki na mkato.

Mzunguko wa tatu, jaribu kutabiri. Sikio lako linajua mengi kuliko unavyofikiri. Nne inasikika kama mlango umefunguliwa. Tano inasikika kama mtu aliyeinua mguu hajaukanyaga. Inataka kurudi nyumbani, na nyumbani ni moja. Mstari wa mwisho wa ubeti mara nyingi unapita kwenye tano kabla ya kutua. Msikilize pia mpiga gitaa mwishoni mwa mstari: kuna kipande kifupi cha besi, kinachopanda haraka na kumalizikia G ya juu, ambacho wapigaji hukihusisha na Lester Flatt, mpiga gitaa wa zamani wa blugrasi. Ukikisikia, sentensi imekwisha na nyingine inaanza.

Namna ya kufanya mazoezi nyumbani. Cheza rekodi za blugrasi usizozijua, moja baada ya nyingine, bila kuchagua. Tafuta do kwanza: imba noti ambayo wimbo unatulia juu yake, itafute kwenye ala, huo ndio ufunguo. Una ubeti mmoja wa kuzitafuta kordi. Wimbo ukiisha usiurudie, nenda unaofuata. Nusu saa kwa siku. Inachosha, na hakuna zoezi jingine lililowasaidia zaidi watu niliowafundisha.

Utajua umefika pale kiitikio cha pili kitakapokukuta unabadilisha kordi pamoja na wenzako, hukumbuki ulianza saa ngapi.

## Hatua ya 7: Taratibu za duara

Zamu huzunguka. Aliye zamuni huchagua wimbo, ama huuimba au huuanzisha. Zamu ikikufikia, taja vitu vitatu kwa sauti: jina la wimbo, ufunguo, na kona yoyote isiyo ya kawaida. "Old Joe Clark, A, ina saba iliyoshushwa." Kisha subiri watu waweke kapo.

Usichague wimbo wa kordi tisa ili uonekane. Chagua ule ambao nusu ya duara wataukamata ubeti wa kwanza. Na uanzishe kwa kasi unayoiweza wewe, kwa sababu ukiuanza mbio utaumaliza mbio. Wapiga fidla hufungua kwa mikwaruzo ya mapigo minne ya kutangaza kasi. Wenyewe huiita viazi. Ukiisikia, jiandae kuingia.

Mwenye wimbo ndiye anayegawa solo, kwa macho. Akikutazama baada ya kiitikio anakuuliza. Itikia kwa kichwa au kitikise, lakini fanya hivyo mapema, kiitikio kikiwa bado kinaimbwa. Kukataa hakuna aibu yoyote. Kinachoudhi ni kusitasita mpaka bari mbili zikapita tupu.

Mtu akipiga solo ya gitaa, mandolini au dobro, kila mmoja ashushe sauti, banjo kwanza. Ala hizo hazina nguvu.

Kuimba: ubeti ni wa mwenye wimbo peke yake. Kwenye kiitikio unaweza kuingia kama sauti yako bado haijachukuliwa na mtu. Watu wa kwaya waangalie hapa, tena vizuri: sauti ya teno ya blugrasi huimbwa juu ya sauti inayoongoza, nyembamba na ya kukaza. Si ile ya chini tuliyoizoea.

Mwisho unatangazwa kwa mguu. Mwenye wimbo akiinua mguu mmoja mbele, mzunguko huo ndio wa mwisho. Ukiwa unatazama vidole vyako muda wote, wenzako watanyamaza na utabaki unalia peke yako.

Kati ya nyimbo, tulia. Usipigepige vionjo mtu akitaja ufunguo au akityuni. Hili huwakera watu kuliko noti mbaya.

## Hatua ya 8: Solo yako ya kwanza

Piga sauti ya wimbo kama inavyoimbwa. Hiyo inatosha, na hata wazoefu huheshimu solo ambayo mtu angeweza kuiimba maneno yake.

Chukua kiitikio cha wimbo mmoja unaoujua vizuri. Tafuta noti zake kwenye ala, moja moja, bila mapambo. Ziweke kwenye metronomu ya 50 kama zamani. Halafu jifunze njia ya kutokea: kipande kifupi cha bari mbili kinachotua kwenye do. Kipande hicho kikariri mpaka uweze kukipiga usingizini, maana ndicho utakachokikimbilia ukipotea katikati.

Ukikosea, usirudi nyuma kusahihisha. Bari zinakwenda. Baada ya solo yako kuna mwimbaji anayesubiri kuingia mahali kamili, na ukichelewesha mapigo mawili unamwangusha yeye. Noti tano mbaya zinazoishia kwa wakati ni solo nzuri. Noti hamsini safi zinazozidi kwa bari moja ni tatizo la watu wanane.

Usiku wa kwanza piga solo moja tu, kwenye wimbo uliouchagua wewe, kwa ufunguo na kasi yako. Zamu nyingine zote tikisa kichwa na upige ridhimu.

Ukirudi nyumbani, kabla hujalala, fungua daftari. Andika kila wimbo uliopigwa na ufunguo wake, weka alama kwenye ile iliyojirudia kutoka siku uliyokwenda kusikiliza. Hizo zilizojirudia ndizo nyimbo za duara lile. Chagua mbili, zifanyie kazi wiki nzima, na wiki ijayo nenda mapema upate kiti kile kile, karibu na yule mpiga gitaa unayemtazama mkono.